Kilemba cha Gunia

Bi Mkaa alimjua mchomaji kabla hajaufungua mzigo wake. Lori likisimama mbele ya kibanda chake asubuhi, vumbi bado halijatulia, hakulitazama gunia tumboni wala hakulinyanyua kupima uzito kama walivyofanya wauzaji wenzake. Alitazama juu, mdomoni, pale mkaa unapojazwa mpaka ukafurika, ukazuiwa kwa vijiti na majani makavu, na kamba ikapita juu ya vyote kuvishika. Hapo ndipo panapoitwa kilemba. Kila mchomaji ana kilemba chake kama kila mtu alivyo na mwendo wake, na Bi Mkaa alivitambua vilemba vile kama mtu anavyowatambua jamaa zake wakiwa mbali barabarani, kwa mabega tu.

"Huyu mvivu," angesema, akilipiga gunia kofi. "Kamba moja, majani mabichi. Na huyu kaoa juzi, tazama alivyopamba."

Dereva angecheka mpaka ashike mlango wa lori. "Bi Mkaa, wewe mchawi."

"Mchawi mama mkwe wako. Shusha gunia la kaka yangu."

Gunia la kaka yake halikuhitaji kutafutwa. Vijiti vyake vilisukwa, kamba ikapita juu, ikapita chini, ikarudi juu, kisha ncha ikaingia ndani na kujificha, kama mtoto anayeficha kidole gumba kwenye ngumi. Hakuna mwingine porini aliyefunga hivyo. Wachomaji wenzake walimwita Msusi, wakimtania kwamba alipotea njia, kwamba saluni ya mjini ilikuwa inamsubiri. Walidhani wanatania. Jina lile lilikuwa kweli tupu.

Mama yao alifariki Bi Mkaa akiwa bado hafikii komeo la mlango. Baba alikuwa ameondoka kutafuta kazi, na kazi ikammeza. Walibaki wawili: yeye, na kaka ambaye ndevu zilikuwa ndiyo kwanza zinamchungulia kidevuni. Kaka alikuwa ameshaanza kwenda porini kusaidia wachomaji. Alipomwandikisha mdogo wake shule, mwalimu wa zamu akamrudisha nyumbani siku ya kwanza kwa sababu ya nywele. Timutimu, alisema mwalimu, kama kiota.

Jirani aliombwa amwonyeshe kaka namna ya kusuka. Tangu hapo, kila asubuhi kabla ya kengele, kaka alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akamweka mdogo wake katikati ya magoti, na kuanza kusuka kwa mikono yake mikubwa iliyokwisha kuingia weusi ambao sabuni haikuuweza.

"Tulia, Mdogo. Utanichanganya."

"Utachanganyikiwa nini? Unajua mtindo mmoja tu."

"Mmoja unatosha. Kwani una vichwa vingapi?"

Mwisho wa kila msuko aliuficha ndani kwa namna yake mwenyewe, akaubana, na ukakaa. Mdogo wake angekimbia, angepigana, angelala chini akilia, na jioni nywele zilirudi kama zilivyokwenda. Alipokuwa darasani akisikia hesabu zimemshinda, alipeleka mkono nyuma ya shingo na kuligusa lile fundo. Basi hapo moyo ulitulia.

Ada ilitoka kwenye tanuri. Sare ilitoka kwenye tanuri. Hata harusi yake, na utingo mmoja wa lori la mkaa mwenye sauti nzuri ya kuimba, ilitoka kwenye tanuri. Ndoa ile ilimpa binti mmoja na ujane wa mapema. Binti huyo baadaye, alipokua, aliolewa mbali. Siku arobaini zilipopita baada ya kumzika mume, kaka alitokea mjini na misumari na mabati ya kuokoteza, akampigia mdogo wake kibanda kando ya barabara, akashusha magunia yake mbele yake na kusema, "Haya. Sasa mimi nachoma, wewe unauza. Tusipoonana, tutaonana hapa." Akakigonga kilemba kwa kidole.

Hivyo ndivyo walivyoishi. Bondeni alikochoma kaka, ng'ambo ya mto, simu haikushika. Habari zilisafiri juu ya magunia. Kilemba kikija kimekaa sawa, Bi Mkaa alijua kaka ni mzima. Kikija kimelegea upande, alijua mkono wa kulia unamsumbua tena, akampa dereva dawa ya kuchua ampelekee. Kuna wakati yalikuja magunia ya Kijiti peke yake, yule mshirika wa kaka, na Bi Mkaa alishinda na njaa mpaka lori lililofuata lilipoleta fundo alilolijua. Alilishika kwanza, ndipo akanywa chai.

Zamani kaka alikuja mjini mvua kubwa zikianza, maana tanuri halichomwi chini ya mvua. Miaka ya karibuni mvua zilipopotea njia, naye akapotea njia. Alikuja asipotarajiwa, akakaa kizingitini pa dada yake akikohoa, nyayo zake zimebabuka kama gome.

"Kaka, toka kule. Umezeeka."

"Mzee nani? Nimeiva tu."

"Usinichekeshe. Kile kifua nakisikia tangu umekata kona."

Alikohoa, akajifuta mdomo. "Mto umekauka, Mdogo. Ule tuliokuwa tunaogopa kuuvuka. Sasa navuka na viatu." Alivitazama viganja vyake. "Mvua zimetukimbia, na mimi nina mkono wangu hapo. Sijifichi. Siku hizi nikiupiga mti shoka nasikia kama nampiga mtu ninayemfahamu."

"Basi acha."

"Niache, mji huu upikie nini? Mate?" Alinyoosha kidole barabarani, ambako mama lishe alikuwa akipepea jiko lake la mkaa chini ya nguzo ya umeme. "Waya unapita juu ya kichwa chake. Mwambie apikie huo waya kama hajafunga biashara kesho."

Bi Mkaa aliona ni kweli. Lakini alichokiogopa hakikuwa mto wala mvua. Aliogopa tanuri. Tanuri la mkaa ni kilima cha magogo kilichofunikwa majani na udongo, kikaunguzwa kwa ndani polepole bila kuwaka. Udongo ukipasuka, hewa inaingia na mzigo wote unageuka majivu, kwa hiyo mchomaji hupanda juu kuziba nyufa. Huko juu, udongo unaonekana mgumu kama sakafu, kumbe chini yake magogo yameshakwisha na kubaki uwazi na moto. Ndiyo sababu wachomaji wa bonde lile hawakupanda bila mtu. Anayepanda anafunga kamba kiunoni, mwenzake anasimama chini akiishika ncha, na hatazami pembeni hata akiitwa na nani. Kaka alikuwa na Kijiti. Kijiti alikuwa na kaka. Siku nyingine Bi Mkaa aliomba Mungu kwa ajili ya Kijiti kabla ya kujiombea mwenyewe.

Alitaka kitu kimoja tu maishani: kaka yake atoke kule angali anatembea.

Kwa hiyo binti wa mradi alipofika kibandani, Bi Mkaa alimsikiliza. Alikuwa msichana mpole. Alikaa juu ya gunia tupu bila kulikung'uta, sketi yake ikapata alama nyeusi, naye akacheka tu. Alisema serikali na wafadhili wanataka mji uache mkaa kabla mkaa haujaumaliza msitu. Watu watapewa majiko ya gesi.

"Na wanaochoma?" Bi Mkaa aliuliza.

"Hao hatutawaacha, mama. Wapo watakaopewa mizinga ya nyuki, na wapo watakaotunza miche. Tatizo letu ni kwamba hatuwajui. Tukifika porini wanakimbia."

Moyo wa Bi Mkaa uliruka. "Kaka yangu na nyuki hawapatani. Lakini miche, mwanangu! Mpe kijiti kikavu akichomeke, kitaota."

"Basi mama, tusaidie tumpate. Njoo useme kwenye mkutano. Wewe watakusikiliza."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa mpira. Mgeni rasmi, Mheshimiwa mmoja wa serikali, alikuwa anajiandaa kusafiri kwenda ng'ambo, kwenye kikao kikubwa cha mataifa kuhusu hali ya hewa, na alihitaji kitu cha kwenda kusema. Turubai lilifungwa, vipaza sauti vikakoroma, na nyuma ya jukwaa magari ya msafara yalipangwa kivulini, injini zinanguruma. Yalinguruma tangu asubuhi, bila mtu ndani.

Mama lishe alimvuta Bi Mkaa mkono. "Shoga, yale yanasubiri nini?"

"Yanapoza viti."

"Viti vina homa?"

Walicheka kwa kuziba midomo na kanga, kama wasichana kanisani. Kisha jina la Bi Mkaa likaitwa.

Alipanda jukwaani kwa woga. Walikuwa wamemwekea magunia matatu mbele, akasimama nyuma yake kama alivyosimama kibandani kila siku, na woga ukamtoka. Alisema ameuza mkaa tangu alipofiwa na mume, na sasa ataacha. Watu wakapiga makofi. Alisema, "Lakini msiwaone wachomaji kama mashetani. Ni watu. Kila gunia lina mtu juu yake." Akaona uwanja umenyamaza, wanataka zaidi, naye akawapa. Aliwaonyesha kilemba cha kwanza, cha pili, akawavunja mbavu kwa yule mvivu na yule aliyeoa juzi. Alipofika kwenye cha tatu, sauti ikamlainika.

"Huyu anaitwa Msusi. Huyu ni kaka yangu. Tazameni ncha inavyoingia ndani, hakuna mwingine anayefunga hivi. Na mkaa wake," alichomoa kipande, akakigonga, kikalia kama chungu kizima, "mti huu unaota bondeni tu, ng'ambo ya mto mkavu. Mkitaka mtu wa kuwatunzia miche, mfuateni huyu. Yuko kule. Mleteni nyumbani."

Nyuma ya Mheshimiwa alisimama bwana misitu na sare yake ya kaki, simu imeinuliwa, anapiga picha. Bi Mkaa alimwona. Akamtabasamia, akalizungusha gunia kidogo kuelekea kwenye mwanga ili alipate vizuri.

Makofi yalikuwa mengi. Mheshimiwa alimkumbatia, akampa mtungi wa gesi na jiko lenye meno mawili, akamwita mama wa mfano. Jioni mama lishe aliutazama mtungi ule uking'aa kwenye kona ya chumba na kutikisa kichwa. "Wamekuvika kilemba cha ukoka, shoga yangu."

"Wivu utakuua."

"Utaniua, lakini nitakuwa nimekula. Huo ukiisha utaujaza kwa nini?"

Bi Mkaa aligeukia dirisha. Alikuwa anapanga chumba kichwani. Kitanda cha kaka kingekaa upande wa dirisha, kwa ajili ya kifua chake.

Malori yaliendelea kuja, maana mji uliendelea kula. Lakini sasa yalikuwa malori makubwa zaidi, yenye vibali vilivyobandikwa kwenye vioo, na magunia yake yalikuwa mapya, yameshonwa midomo kwa mashine. Mtu angeyatazama mpaka macho yamtoke, asimwone mtu yeyote juu yake. Bi Mkaa, aliyeapa kuacha, hakununua. Alisimama tu kando ya barabara kila lori lilipopita, akitazama juu.

"Msusi je?" aliuliza dereva aliyemzoea.

Dereva alikwepesha macho. "Kule hatupiti tena, Bi Mkaa. Kumechafuka."

Gesi iliisha. Aliutikisa mtungi, ukamjibu kwa wepesi. Akaanza kupika kwa vijiti vya kuokota, nje, kwa mawe matatu, kama alivyopika mama yake.

Kijiti alifika mchana mmoja wa jua kali, anachechemea, shati limechanika begani. Bi Mkaa alimwona akivuka barabara peke yake, akatazama nyuma yake kumtafuta wa pili. Watu wale wawili hawakuwahi kuachana.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Yuko wapi?"

Kijiti alikaa chini, mgongo ukaegemea kibanda. Aliomba maji, akanywa, akaomba tena. "Walikuja askari wa misitu. Dada, hawakutafuta. Walikuja moja kwa moja mpaka bondeni, kama watu wanaokuja kula kwao. Walikuwa na picha ya kilemba kwenye simu. Wakayapita magunia ya wengine, wakasimama kwenye yetu. 'Msusi nani hapa?'"

Bi Mkaa alishika nguzo ya kibanda.

"Wakabomoa tanuri likiwa bado bichi, magunia wakayapakia. Mimi niliruka korongo, mguu ukaniteguka hivi. Yeye aliingia ndani zaidi ya msitu. Nilimfuata baadaye, nikamkuta ameanza kujenga tanuri lingine. Nikamwambia tuondoke, akasema, 'Hili la mwisho. Siwezi kwenda kwa Mdogo mikono mitupu.' Lakini mguu wangu ulikuwa umevimba kama mbuyu, dada, nisingeweza kumshikia kamba. Akaniambia nenda katibiwe, nitakusubiri, sitapanda."

"Na wewe ukaenda."

"Alinifukuza." Kijiti alijifuta uso kwa kiwiko. "Tulikuona, ujue, kabla askari hawajaja. Kule wanakopakia malori kuna mtandao. Dereva alituonyesha ukiwa jukwaani."

Bi Mkaa alitaka ardhi ipasuke. "Alisema nini?"

"Alicheka mpaka akakohoa. Aliirudia ile video, akairudia, mpaka dereva akalalamika chaji inaisha. 'Mwone mdogo wangu anavyoongea mbele ya wakubwa,' alisema. 'Ile shule haikupotea.' Mimi nilimwambia, Msusi, badilisha fundo, sasa linajulikana. Akanitazama kama nimemtukana. Akasema, 'Nikibadilisha, Mdogo atajuaje kwamba nipo?'"

Bi Mkaa aliketi pale pale kwenye vumbi la mkaa. Hakulia. Mkono wake ulipanda wenyewe nyuma ya shingo, ukatafuta kitu pale, ukakikosa.

Walipitia kwanza ofisi ya mradi, kwa kuwa Bi Mkaa bado aliamini kwamba mtu aliyeahidi miche anaweza kuwaita askari warudi, na gari likapatikana la kumtafuta kaka upesi. Binti wa mradi aliwapokea kwa furaha, kisha akasikiliza, kisha uso ukamwanguka.

"Mama, mimi nilisema mizinga. Niliwaambia mizinga." Aliivuta simu karibu yake. "Wenzetu wa misitu waliambiwa kabla ya safari ya Mheshimiwa lazima yapatikane matanuri yaliyovunjwa."

Ukutani nyuma yake televisheni ilikuwa imewashwa, sauti ya chini. Mheshimiwa alikuwa anaongea katika ukumbi mkubwa, mbele ya watu wenye vidude masikioni, kuhusu msitu uliookolewa. Kioo kikabadilika, na Bi Mkaa akauona mkono wake mwenyewe, mkubwa kuliko ulivyo, ukilizungusha gunia polepole kuelekea kwenye mwanga.

"Zima," alisema.

Binti alizima. Akapiga simu mbele yao, akabembeleza, akagombana, na mwisho gari lililopatikana lilikuwa pikapu ya idara ya misitu, na kwenye usukani alikuwa bwana misitu yule yule. Mto waliuvuka bila kupunguza mwendo. Mawe yake yalikuwa makavu, meupe kama mifupa ya kuku.

Moshi waliuona kabla ya tanuri. Kijiti, aliyekaa nyuma, alianza kuita kwa jina tangu mbali. Aliita kwa sauti ya utani mwanzoni, ile wanayoitana porini, kisha bila utani.

Tanuri lilikuwa la mtu mmoja, dogo, limejengwa vizuri. Upande wa mbele lilikuwa limekwisha iva na kufunguliwa, mkaa umetolewa, na gunia moja lilisimama kando limejazwa na kufungwa. Kamba ya kiunoni ilikuwa imefungwa kwenye shina la mti mahali ambapo mtu angesimama. Aliifunga kwenye mti. Hakuwa na mtu, akaupa mti kazi ya Kijiti. Kamba ilitoka shinani, ikapanda mgongo wa tanuri, ikafika kwenye shimo lenye kingo nyekundu, ikaishia hapo, imeungua.

Kijiti alianguka kifudifudi na kuula udongo. Bwana misitu alivua kofia. Bi Mkaa alilizunguka tanuri polepole, akiziangalia nyufa alizokuwa ameziziba kaka, kila moja imepapaswa ikalainika kwa viganja, mpaka alipofika kwenye ule ufa wa mwisho, ambao ulikuwa umezibwa nusu.

Kulizima na kumtoa ilikuwa kazi ya wanaume na maji yaliyoletwa kwa madebe kutoka mbali, na hapo sitakaa. Kilichorudi mjini kilifungwa kwenye turubai na hakikuwa kizito. Walipokuwa wanaondoka, bwana misitu alirudi, akalibeba lile gunia moja kwa mikono yake mwenyewe, akaliweka ndani ya pikapu kando ya turubai. Hakuuliza kibali. Alipogeuka akakutana na macho ya Bi Mkaa.

"Mama, mimi niliambiwa—"

"Najua ulichoambiwa, baba. Nilikuambia mimi."

Walimzika asubuhi. Binti yake Bi Mkaa alikuwa bado njiani, na nyumba ikajaa majirani, wanaume kwenye viti vya kuazima barabarani, wanawake uani. Waliokuja walikuwa wengi, wengi hata hawakumjua kaka. Walikuwa wateja. Watu walipika miaka yote kwa jasho lake, wakaja kumwona siku ambayo haonekani tena.

Watu hawakai msibani koo kavu. Mama lishe aliingia chumbani, akaufungua mtungi, akausikiliza, akaufunga. Vijiti vya kuokota vilikuwa vimeloa na umande. Alitoka nje na kutafuta kwa majirani, na kila aliyeulizwa alisema mkaa umepanda, amebakiwa na wa jioni tu. Akarudi akasimama mbele ya Bi Mkaa, mikono kiunoni.

Gunia lilikuwa kwenye kona, upande wa dirisha, pale ambapo kingekaa kitanda. Wanawake wote walikuwa wanalitazama, na wote walijifanya hawalitazami.

"Shoga," mama lishe alisema hatimaye, taratibu. "Siwezi kukuomba."

Bi Mkaa aliinuka. "Yeye angekucheka. Angesema, mnanililia na chai hamjanywa?"

Alipiga magoti mbele ya gunia. Alitaka kulifungua fundo bila kuliharibu. Alidhani akilifungua polepole, akiifuata kamba nyuma hatua kwa hatua, atalijua lilivyofungwa, na siku moja, akijaliwa mjukuu, atamfungia nywele hivyo. Maana hapo ndipo alipogundua kwamba hakulijua. Maisha yake yote alikuwa amelipa fundo lile mgongo. Alilijua kwa vidole nyuma ya shingo, alilijua kwa macho juu ya malori, alijua kuwaonyesha wageni uzuri wake, lakini kila lilipofungwa yeye alikuwa anatazama upande mwingine, akiambiwa atulie.

Akatulia. Akaivuta kamba ikatoka chini, akaiona ilikotoka. Akaivuta ikatoka juu, akaiona. Wanawake waliacha kunong'ona. Akafika kwenye ncha iliyofichwa, akaibana kwa kucha, akaivuta kidogo kama mtu anayetoa mwiba kwa mtoto aliyelala. Na kilemba chote kikaachia mara moja. Vijiti vilitawanyika sakafuni, majani yakamwagika mapajani mwake, na mkaa ukateremka na sauti yake ile ya vyungu vizima.

Mama lishe alichota, akawasha. Ulishika upesi, ukawa mwekundu bila hata uzi wa moshi. "Mkaa mzuri," alisema mwanamke mmoja aliyekaa mbali, ambaye hakujua.

"Wa kaka yangu," alisema Bi Mkaa.

Maji yalianza kuimba kwenye sufuria. Alikuwa bado amepiga magoti, kamba mkononi, imejikunja hapa na pale kama ilivyozoea kukaa. Aliipeleka nyuma ya shingo yake, akajaribu kuirudisha ilikopita, na hakujua aanze kuikunjia upande gani.